Bahasha zilizobaki kabatini: kisa cha Asistanti aliyetaka kuhama udaktari

Alikuja ofisini mwezi wa saba, katika ile baridi ya Lubumbashi ambayo wageni hawaiamini mpaka waazime koti. Alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari wake (ule wa PhD, si wa hospitali) Ubelgiji, na kwa kalenda ya bursi, yaani ufadhili wake wa masomo, alitakiwa kupanda ndege Luano baada ya wiki tano. Hakukaa. "Prof, nataka kuhama," akasema akiwa bado mlangoni. Nikadhani anahama nyumba, nikamuuliza anahamia mtaa gani.

Nitamwita Asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, kwa kuwa ndiyo kazi yake katika chuo cha hapa na ndivyo wanafunzi wanavyomwita. Amekubali niandike kisa hiki, nami nimegeuza mambo machache ili asijulikane. Wengine watatu wamenijia na swali kama lake tangu wakati ule, na kila mara najikuta nikisimulia hadithi hii moja.

Utafiti wake ulikuwa juu ya udongo wa shaba. Aliyewahi kufika Lubumbashi anajua bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima mweusi wa masalia pembeni yake. Tanuru la kwanza liliwashwa mwaka 1911, enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni wa Kibelgiji, na upepo unaotawala hapa ni wa kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi ulikwenda kaskazini-magharibi miaka na miaka, na huko ndiko iliko Penga Penga, ambako watu wanaishi na kupanda mboga. Asistanti alikuwa na viwanja vidogo vilivyotiwa chokaa na mboji, vikapandwa nyasi za asili zinazovumilia shaba, hasa Microchloa altera, ili aone kama shaba itatulia kwenye mizizi badala ya kupeperuka na vumbi la kiangazi. Si utafiti unaoweza kuuhamishia popote. Ua la shaba, Haumaniastrum katangense, lenyewe hupenda sana udongo huu, hata wanaakiolojia wamelifuata kutafuta mahali ambapo mababu waliyeyusha madini. Shamba la Asistanti lilikuwa hapa siku zote. Kilichokuwa Ubelgiji ni mashine, promota (msimamizi wa tasnifu) na jina la chuo kwenye usajili.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kupokezana: Februari mpaka Agosti yuko hapa anavuna, anakausha, anasaga, Agosti mpaka Januari yuko kule anapima na kuandika. Usajili ulikuwa kwenye chuo kimoja tu, cha kule. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa nyumbani. Mume wake ni injinia kwenye mgodi Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka hapa, na hurudi kwa zamu. Mtoto wao ana miaka mitano naye ni SS, yaani ana selimundu. Aliyekuwa akimlea mama anapokuwa Ubelgiji ni bibi yake, na bibi yule alikuwa na jicho kuliko kipimajoto: mtoto akisukuma sahani ya bukari, ugali wetu, mara mbili mfululizo, bibi anachemsha maji ya kunywa, anatafuta sweta, anampigia daktari. Mwezi wa tano bibi alifariki. Asistanti alimzika, akamaliza matanga, akarudi kwenye viwanja vyake kuvuna nyasi, na usiku akawa anahesabu siku za Agosti.

Nilimuuliza jambo moja kabla ya mengine yote, na ninawauliza wote: "Mama, kuna ugomvi na promota?" Akasema hakuna. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, maana "sababu za kifamilia" ni blanketi linalofunika mengi, na mtu anayemkimbia msimamizi anahitaji dosie (faili la maombi) tofauti kabisa na mtu anayemkimbilia mtoto. Hakuna ugomvi. Promota ni mtu mzuri, maabara ni nzuri, bursi inatosha. Anachotaka ni kumaliza tasnifu yake akiwa Lubumbashi. (Tasnifu naandika kwa ajili yenu. Hapa kwetu tunatumia neno la Kifaransa, thèse, na ukilitamka Kiswahili sana linakuwa tezi, mtu akakuuliza umeshakwenda hospitali.)

Shida ya kwanza ilikuwa neno lenyewe, kuhama. Mtoto wa shule ya msingi anahama: mzazi anachukua karatasi ya matokeo, anaipeleka shule nyingine, kesho yake mtoto ameketi darasani. Kwenye udaktari hakuna kitu kama hicho. Unafunga usajili huku, unaomba kule kama mgeni, na kamati ya kule ina haki ya kukuangalia kama haijawahi kukusikia. Kredi zinaweza kutambuliwa, zote au chache. Vyuo vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa vina mafunzo ya udaktari yenye kredi 60, zinazopatikana kwa kozi, semina, mikutano na makala, na Asistanti alikuwa ameshakusanya nyingi. Lakini anayeamua zina thamani gani ni anayepokea. Bursi nayo haimfuati mtu, inafuata mkataba, na mkataba wake ulitaja chuo, promota na miezi ya kukaa kule.

Mpwa wangu aliyeko Marekani alinipigia simu juzi akidhani kwao ni rahisi zaidi. Si rahisi. Kule pia mtu huomba upya, mara nyingi Desemba au Januari, na wengi huondoka na shahada ya uzamili mkononi ili miaka ile isipotee bure. Vyuo vingi vilivyomo kwenye Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vya shahada za juu, vimekubaliana kwamba mwombaji hashurutishwi kujibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili, na hiyo inampa mtu nafasi ya kupumua. Lakini mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi, lazima kwanza akubaliwe na chuo kipya, ndipo rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, itoke chuo kimoja kwenda kingine kwa tarehe iliyopangwa. Akiacha kwanza kisha aanze kutafuta, amejitia kwenye shimo. Basi, turudi Lubumbashi.

Tulipima njia nyingine kwanza. Ndugu wote walikuwa na wazo lilelile: simamisha masomo mwaka mmoja. Mimi sikulipenda. Kusimamisha kunafaa kwa jambo lenye mwisho, kama mimba, kama kufiwa, kama kuvunjika mguu. Selimundu haina mwisho wa mwaka mmoja, na baada ya miezi kumi na miwili angekuwa mlangoni pale pale, na nyasi zikiwa zimezidiwa na magugu.

Njia ya pili ilikuwa kumchukua mtoto. Ubelgiji humruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba mwenzi na watoto wamfuate, kwa masharti: uthibitisho wa kipato, nyumba inayofaa, bima. Hospitali za kule zinaijua selimundu vizuri. Brussels na Liège watoto hupimwa ugonjwa huo wanapozaliwa. Kwa upande wa tiba, mtoto angepata faida, na nilimwambia hivyo. Lakini baridi ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha maumivu ya ugonjwa huo, na kipindi chake cha kule ni kile kile cha baridi. Mume angeacha kazi, au angebaki. Akibaki, mama angekuwa peke yake usiku wa homa, na asubuhi kuna mashine iliyopangiwa zamu ambayo haisubiri. Asistanti aliikataa njia hii kwa dakika kumi. Hadi leo naona aliikataa upesi mno. Lakini si mimi ninayekesha na mtoto.

Ya tatu ilikuwa kotuteli, yaani ulezi wa pamoja: vyuo viwili vinasaini mkataba juu ya tasnifu moja, promota wawili, jopo moja, utetezi mmoja, na mwanafunzi anagawa muda wake kati ya pande mbili. Mimi mwenyewe nimepita huko. Ndiyo njia iliyomfaa tangu siku ya kwanza, kwa mtu ambaye shamba lake liko hapa. Kwa nini hakuwekwa humo? Kwa sababu mwaka wa kwanza mkataba ungehitaji sahihi nyingi pande zote mbili, na kila mtu, pamoja naye, aliona ni karatasi nyingi kwa faida ndogo. Bibi alikuwa hai. Chuo chake cha kule kinataka mkataba usainiwe mapema. Yeye alikuwa mwaka wa tatu. Jibu la ofisi lilikuwa mistari miwili, la heshima, la hapana.

Ikabaki kutoka na kuingia upya. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, "Mama, usimwambie promota mpaka upate jibu la hapa." Nilikuwa na sababu zangu: nimeona huku kwetu mtu akisema anafikiria kuondoka, kesho yake jina lake halimo kwenye orodha ya vifaa. Nikaona namkinga. Akanisikiliza, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Akaandikia ofisi ya shule ya udaktari ya kule kuomba cheti cha kredi, na kwenye ombi akataja kwa uaminifu kwamba ni kwa ajili ya kujisajili kwingine. Karani akamjibu siku hiyo hiyo, akaweka nakala kwa promota, kama utaratibu wao unavyotaka. Promota aliisoma habari ile kwenye barua pepe ya karani.

Aliandika sentensi moja: amepokea, na watazungumza. Kisha kimya wiki tatu. Asistanti alikuwa akifungua barua pepe kila umeme unaporudi. Alikuja ofisini na macho mekundu, akaniuliza, "Sasa tutafanya namna gani, Prof?" Ile "tutafanya" ilinichoma, kwa sababu ilikuwa na haki.

Tulizungumza na promota mwishoni mwa Julai, usiku, mimi na Asistanti mbele ya kompyuta moja. Wakati wa kiangazi cha Ulaya saa ya kule na ya Lubumbashi ni ile ile, kwa hiyo hata kisingizio cha saa hakikuwepo. Promota hakufoka. Alisema kuondoka anakuelewa, yeye mwenyewe ana watoto. Kilichomuuma ni kwamba wiki ile ile alikuwa ameandika kuomba bursi ya Asistanti iongezwe miezi sita, kwa jina lake yeye promota, na ofisi ikamuuliza kama anajua mwanafunzi wake anaondoka. Nikamwambia ushauri wa kunyamaza ulikuwa wangu. Akaniangalia muda mrefu kidogo, akaendelea na ajenda.

Nikitazama nyuma, hofu yangu ilikuwa ya mahali pengine na mtu mwingine. Swali la maana halikuwa kama promota atakasirika. Lilikuwa ni nini kinaweza kutembea kutoka chuo hadi chuo, na kila kilichoweza kutembea kilipitia mikononi mwake: takwimu, sampuli, majina kwenye makala, barua ya kumthibitisha. Kumficha yeye ilikuwa sawa na kuficha safari kwa mwenye gari.

Kisha ikaja barua ya maombi kwa kamati ya hapa. Rasimu ya Asistanti ilikuwa kurasa tatu. Ilieleza kifo cha bibi, ikataja tarehe za kulazwa kwa mtoto, ikaambatanisha matokeo ya damu. Niliisoma nikiwa na uchungu, nikaikata karibu yote. Kamati si baraza la matanga. Ukiwapa kurasa tatu za huzuni, wanakuhurumia na wanaogopa, wanajiuliza kama mama huyu atamaliza. Na karatasi za hospitali za mtoto hazina kazi kwenye dosie itakayopita mezani kwa makarani watano. Tukaacha sentensi moja: "Kwa sababu ya afya ya mtoto wangu, siwezi tena kukaa nje ya Lubumbashi zaidi ya wiki sita kwa mwaka." Baada yake zikaja kurasa mbili za kazi: kilichopimwa, kilichobaki, nani atasimamia, mashine ipi.

Ile wiki sita ndiyo iliyofanya kazi. Iliwapa watu kitu cha kupangia. Mjumbe mmoja mzee aliyejulikana kwa ukali aliuliza swali moja tu juu ya familia, kama wiki sita zinaweza kuwa za mfululizo. Asistanti akajibu mbili mbili. Mzee akaandika.

Nimechelewa kufika kwenye bahasha, na zenyewe ndizo zilizookoa tasnifu. Kwenye maabara ya hapa kuna fundi mzee, papa mmoja (ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume hapa) ambaye hana shahada yoyote na ambaye watafiti wengi wamepita mikononi mwake. Mwaka wa kwanza alimwona Asistanti akifunga sampuli zote kwenye sanduku la Ubelgiji. Akamzuia. Kila sampuli igawe mara mbili, akamwambia, bahasha mbili za kaki, namba iandikwe kwa penseli kwa sababu wino unakimbia na unyevu. Moja isafiri, moja ibaki. Asistanti alilalamika kwamba ni kazi maradufu. Papa akamwambia, "Vitu vyetu vikienda vyote, siku moja tutaomba viza ya kuviona."

Kwa misimu miwili ya mavuno, nusu ya kila kitu ilikuwa imekaa kwenye kabati la chuma, rafu ya chini, na vipakiti vya kufyonza unyevu. Bila nusu ile Asistanti angekuwa anaomba udongo urudishwe kutoka Ulaya, na udongo si mzigo wa kutuma hivi hivi: Umoja wa Ulaya unakataza kuingiza udongo kutoka nchi zetu isipokuwa kwa kibali maalumu cha kisayansi. Kile kilichoingia kwa kibali kina masharti yake, na maabara ya kule ilikuwa na wajibu wa kukilinda au kukiteketeza. Hakikuwa cha kufungwa kwenye sanduku na kurudi.

Mapatano na promota yaliandikwa ukurasa mmoja na nusu. Takwimu zote za misimu miwili Asistanti anaweza kuzitumia kwenye tasnifu mpya. Makala ya kwanza, iliyokwisha kuchapishwa, inabaki na anwani ya chuo cha kule. Ya pili itabeba anwani zote mbili. Promota wa kule anakuwa promota mwenza hapa. Mimi nauona ukurasa ule kuwa mzito kuliko barua ya kukubaliwa, kwa sababu barua ya kukubaliwa bila takwimu ingemrudisha mwaka wa kwanza kabisa.

Hata hivyo alilipa. Bursi iliisha mwisho wa Septemba na akarudi kwenye mshahara wa asistanti, na mnaojua mshahara huo hamhitaji maelezo. Kredi zilitambuliwa kwa sehemu. Kamati ilitaka mradi uwasilishwe upya mbele ya idara, na kupanga siku hiyo kulikula miezi. Kwa jumla alipoteza kama mwaka mzima.

Kulikuwa pia na gharama ambayo hakuna aliyeifikiria, hata mimi. Vipimo vya zamani vilitoka kwenye mashine ya kule. Vipya vingetoka kwenye mashine ya hapa. Mtahini yeyote makini angeuliza: shaba imepungua kwenye majani kwa sababu ya chokaa, au kwa sababu umebadilisha maabara? Ikabidi achague sampuli thelathini kutoka kwenye bahasha za kabatini, ambazo ndugu zake zilishapimwa Ubelgiji, azipime tena hapa pamoja na sampuli ya rejea ambayo kiwango chake kinajulikana. Zinki ilikubaliana vizuri. Shaba ilikubaliana kwenye viwango vya chini, lakini kwenye udongo mzito wa karibu na kiwanda ilitofautiana, na tulipekua wiki mbili mpaka tukagundua ni namna ya kuzimua ile asidi inayoyeyusha sampuli kabla ya kupima. Zile wiki mbili zimekuwa sura fupi ya tasnifu, na promota mwenza anasema ndiyo sura anayoipenda. Yeye ndiye aliyetusaidia kuona kosa, kwa simu, saa nne usiku.

Waliofuata na swali hili nimewaambia waende kwa promota wao kabla ya kuja kwangu. Wawili walikwenda. Mmoja aligundua kwamba yuko mwaka wa kwanza bado na kotuteli inawezekana, akaondoka kwangu akikimbia. Wa tatu alikuwa na ugomvi kwelikweli, na hicho ni kisa kingine ambacho sina ruhusa ya kukiandika.

Asistanti mwaka huu ametumia wiki nne kati ya zile sita. Mtoto ameanza shule, na shangazi yake aliyehamia kwao anajifunza kutazama sahani ya bukari. Wiki iliyopita papa wa maabara alikuwa anatafuta nafasi kwa ajili ya vifaa vipya, akafungua kabati la chuma, akamuuliza kama zile bahasha za rafu ya chini azitoe sasa.

"Bado, Papa," akasema. "Ziache mpaka nitetee."

Papa akafunga, akaandika jina la Asistanti kwenye mlango wa kabati kwa penseli.